Waya wa Kwanza

Gari lililolala bandani miaka kumi na minane haliamshwi kwa maombi. Linataka betri, petroli mpya na subira, na ni nadra vitatu hivyo kukutana katika nyumba moja. Binti mkubwa alileta viwili vya mwanzo. Baba yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na baba mdogo alikwisha toa kauli: likiwaka kabla ya saa sita mchana, libaki, lisipowaka, wanunuzi wa chuma chakavu walichukue. Binti alitaka libaki. Tangu mazishi alikuwa akitaka mambo kama mtu anayejaza fomu.

Fundi alikwisha safisha tangi na kabureta. Zilibaki nyaya nne za plagi, kila waya na kikaratasi chenye mwandiko wa marehemu. Hakuandika namba; aliandika majina ya utani ya wanawe: Mkubwa, Domo, Kitinda. Waya wa nne uliitwa Tulivu.

Fundi aliuliza nyaya zifuate mpango gani. Binti akajibu kwamba Mkubwa ndiye yeye, basi ni silinda ya kwanza, kisha Domo, kisha Kitinda. Na kwa kuwa watoto ni watatu na silinda ni nne, Tulivu ni jina la kujazia. Hoja ilisimama vizuri. Kasoro yake ni kwamba haikuwa kweli.

Injini ilizunguka, ikapiga chafya kupitia kabureta, ikamtemea fundi moshi usoni.

"Huyu babu tumemvisha viatu vya mwenzake," alisema akijifuta. Nyaya zimepishana, akaeleza, na kuutafuta mpango upya kungekula saa nzima. Ilikuwa saa sita kasorobo. Lori lilikuwa langoni, na baba mdogo alikuwa akilielekeza lirudi nyuma.

Mama mtu, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa tangu asubuhi, aliomba asomewe vile vikaratasi. Akasomewa.

"Tulivu ndiye wa kwanza," alisema. "Wewe wa pili."

"Mama, kifungua mimba ni mimi."

"Ulikuta njia imeshafunguliwa, mwanangu. Yule alizaliwa, hakulia. Jina alimpa baba yako."

Miaka thelathini na tisa binti alikuwa ameubeba ukubwa: kuchapwa kwa makosa ya wadogo, kuamuliwa kwamba ataamua. Alitafuta huzuni mahali ilipopaswa kuwa, akakuta patupu. Akamwambia fundi asogeze kila waya nafasi moja nyuma, na ule wa mwisho auweke mbele.

Stata ilipopigwa mara ya pili, injini iliwaka, ikatetemeka, ikatulia. Fundi alitega sikio, akasema silinda zote nne zinavuta. Baba mdogo alisikiliza mlangoni, kisha akamwashiria dereva wa lori aende zake.

Binti alimuuliza mama alikozikwa Tulivu. Mama akapataja, kwa gari ni robo saa. Binti akafungua mlango wa abiria, akamshika mama mkono apande.

Fundi akawakumbusha kwamba breki hajazigusa. Wakakaa humo ndani, wakamsubiri azikague.