Zamu ya Tano

Karani wa mahakama aliponipa Biblia niapie, nilikuwa bado sijaamua kama nitamfunga Ngollo au nitajifunga mwenyewe. Alisimama hatua chache tu kutoka kwangu, mrina asali wa Sikonge, mtu wa umri wa baba yangu, kichwa amekiinamisha upande. Alikuwa ananitegea sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limevimba hata tundu halionekani, na rungu lililolivimbisha lilikuwa langu.

Hiyo ilikuwa Tabora, mwaka wa 1949. Sisi askari polisi tulilala katika nyumba kuukuu za udongo, na papasi wa nyufa zake walikuwa wamenyonya wapagazi tangu enzi za misafara. Damu ya serikali waliipokea bila ubaguzi. Mwezi ule homa ya papasi iliwalaza wenzetu sita. Zamu zao tulizibeba sisi tuliobaki. Sajini Wenceslaus, aliyekuwa akizipanga, naye alitetemeka kwa homa hiyohiyo huku kalamu ikimcheza mkononi. Hakuthubutu kumwambia mkubwa wetu kwamba watu wamekwisha, maana sajini aliyemtangulia alithubutu, akavuliwa cheo.

Basi Jumapili ile nilikuwa katika zamu ya tano mfululizo, nikilinda ghala la nta karibu na stesheni. Saa saba mchana, watu wametoka misa wamekwenda kula, niliegemea ukuta nipumzishe macho kidogo. Usingizi hauna adabu. Ukiukaribisha kwenye kope unachukua nyumba nzima. Nilipozinduka, kivuli kilikuwa kimehama, kufuli limevunjwa, na mabonge manne ya nta hayapo.

Niliogopa. Askari aliyelala zamuni alikuwa anafukuzwa siku hiyohiyo, na mke wangu Apolinaria alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndipo nilipomwona mzee anavuka reli, anasukuma baiskeli yenye mabonge mawili ya nta. Nikamkimbilia.

"Mwanangu, nta hii ni yangu, nimetoka nayo Sikonge," alisema, mikono ameinua juu.

Nilimpiga. Nilimpiga tena akiwa ameshaanguka. Kisha nikaandikisha maelezo kwamba nilimwona akitoka ghalani, kwamba alikimbia, kwamba alianguka na baiskeli yake.

Asubuhi ya kesi Wenceslaus alinivuta nyuma ya jiko.

"Alois, sema ulimwona. Ukisema ulilala, wataniuliza nani alikupanga zamu tano."

"Na mzee je?"

"Mzee atakula miezi sita, atarudi kwenye mizinga yake. Wewe una mtoto njiani." Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa homa, sijui kwa machozi. "Mdogo wangu, nakuomba."

Sajini kumwomba askari! Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwogopa, na mpaka naingia mahakamani nilikuwa upande wake.

Hakimu alikuwa Mwingereza aliyejua Kiswahili kuliko tulivyopenda.

"Askari, ulimwona kwa macho yako akitoka ghalani?"

Wenceslaus alisimama mlangoni, ameshika fremu. Ngollo alilisogeza mbele lile sikio zima, asikose jibu langu. Nilikuwa nimejifunza jibu njia nzima, neno kwa neno, na sasa sikuliona hata moja.

"Sikumwona, Bwana. Nililala."

Watu waliguna. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Ulilala?"

"Ilikuwa zamu ya tano, Bwana. Nilipoamka nikamkamata wa kwanza niliyemwona ana nta."

Kule mlangoni Wenceslaus alichuchumaa polepole mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilijisikia mwepesi. Nilijisikia mtu mwema, nalisema kwa aibu baada ya miaka arobaini. Nikadhani yamekwisha.

"Na sikio lake?" hakimu aliuliza.

Ningeweza kumalizia. Lakini kulala kulinipotezea kazi tu. Kumuumiza mzee sikio kungenipeleka jela, na ukweli niliokuwa nao ulikuwa umeniishia.

"Alianguka na baiskeli, Bwana."

Ngollo alinitazama. Hakuna aliyemuuliza. Hakimu akaandika.

Mzee aliachiwa. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimerudisha mkanda, kofia na rungu, na Wenceslaus alikuwa amevuliwa cheo. Nikarudi mahakamani, ambako Ngollo alikuwa amerudishiwa mali yake, nikamkuta anafunga nta kwenye baiskeli. Nilikuwa nimefuata ahsante. Nisiifiche hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Salamu haikataliwi. Alikaza kamba, akaijaribu kwa kidole, akaikaza tena.

"Baba, nimefukuzwa kazi."

"Nimesikia. Kulala si neno. Zamu tano, hata mimi ningelala. Lakini uliponipiga, mwanangu, ulikuwa macho."

Nilitaka kumweleza habari za papasi, na wenzangu sita, na Apolinaria. Yeye alishapanda baiskeli, ameshika njia ya Sikonge.