Shubiri Tano za Mrija

Zapryan hakuanza na bei. Aliushika mrija wa begi la maji la kubeba mgongoni, akaupima kwa shubiri mbele ya muuza baiskeli. Moja, mbili, tatu, nne. Akalirudisha begi kwenye ndoano.

"Mfupi."

"Babu, mrija unatoka mgongoni unaishia mdomoni," alisema Gergin, mwenye duka. "Au una shingo ya korongo?"

"Nataka shubiri tano. Na mfuko wa lita tatu."

"Lita tatu! Mashindano gani hayo, na umri huo?"

Angejibu nini? Kwamba kwenye kona ya mlimani, pale lori lilipomgonga binti yake Stamena akiwa juu ya baiskeli, alijenga chemchemi ya mawe na kuchonga jina lake ukutani, juu ya bomba la chuma linalotoa maji? Kwa miaka kumi na mmoja waendesha baiskeli walisimama pale, wakanywa, na kila aliyekunywa alisema kama ilivyo ada, "Mungu amsamehe." Dua hiyo ndiyo mkate anaokula marehemu huko aliko. Baba hawezi kumsemea bintiye. Sharti maneno yatoke kinywani mwa mpita njia aliyekata kiu. Na tangu mwezi wa sita chemchemi ilikuwa imekauka kavu, watu wakipita bila kugeuza shingo. Na kesho ndiyo kumbukumbu ya siku aliyokufa Stamena.

Gergin alishusha mabegi mawili.

"Yote shubiri tano. Hili leva mia na ishirini, maji yake hayana ladha yoyote. Hili thelathini na tano, ila sikufichi, linanuka plastiki. Liloweke kwa magadi na maji moto siku mbili, ndipo unywe."

Kwenye pensheni ya Zapryan zilikuwa zimebaki leva hamsini.

"Nipe hili."

"Siku mbili, babu. Umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

Jioni aliusuuza mfuko mara nne kwa maji moto, kisha akaonja. Ulimi wake, uliokaushwa na tumbaku miaka hamsini, haukuonja kitu. Akafurahi.

Asubuhi alipanda mlima na baiskeli ya Stamena, akiisukuma zaidi ya kuiendesha. Nyuma ya ukuta wa chemchemi alilitundika begi kwenye msumari, akakata kizibo cha mrija, akaupitisha mrija ndani ya bomba la chuma mpaka ncha yake ikakaribia kutokeza upande wa pili. Akaubana kwa vidole, akaketi kwenye mbigili.

Saa nne alisikia breki. Mwanamke na mwanamume.

"Simama, Kostadin, tujaze maji!"

"Pamekauka hapo, mbishi wewe. Nimekwambia tangu nyumbani."

Zapryan akalegeza vidole. Maji yakadondoka kwenye hori la mawe chini ya bomba.

"Haya, mjuaji, hiki nini? Jasho lako?"

"Basi, umeshinda. Kunywa."

"Ngoja. Stamena," mwanamke alisoma. "Miaka ishirini na miwili. Masikini, mdogo hivi."

Nyuma ya ukuta Zapryan alifumba macho. Alimsikia akimeza funda moja. Akayasubiri maneno.

"Fuu!" Mwanamke alitema. "Usinywe! Yananuka plastiki, sijui wamemwaga sumu gani!"

"Tema yote! Sukutua na haya yangu."

"Ngoja tuwaandikie wenzetu."

Zapryan aliubana mrija tena. Angewatokeaje, mzee mwenye mrija mkononi, kuwaomba wamwombee mtu waliyekwisha kumtemea mate? Alisikia jiwe likikwaruza jiwe, kisha minyororo ya baiskeli ikiteremka mlima.

Alipozunguka ukuta alikuta chini ya jina la bintiye maandishi ya jiwe la chokaa, meupe, kwa herufi kubwa: MAJI MABAYA USINYWE.

Alilitundua begi, akauchomoa mrija, akaumwagia ukuta maji, akasugua kwa mkono wa shati. Alianza na USINYWE. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye vinyweleo vya mawe. Kila herufi ilikunywa maji mengi. Akaifuta MAJI. Mfuko ukanywea, mrija ukakoroma, ukatoa hewa.

Lita tatu zilikuwa zimekwisha. Kutoka kona ya chini kengele za baiskeli zilisikika zikipanda, nyingi, na vicheko. Zapryan alitemea kiganja mate akasugua, lakini kinywa chake kilikuwa kikavu.

STAMENA, ukuta ulisema. Na chini yake, MABAYA.