Mama Mkwe na Feri ya Saa Kumi

Mume wangu Kiptum ni mtu wa Kitale, mimi wa Misikhu. Tulipooana, mjomba wangu Wamalwa alimketisha kando akamfunza heshima ya kwetu: mkwe hampi mama mkwe mkono, wala hakai karibu naye. Kiptum akayashika hayo kama maagizo ya daktari. Miaka sita sasa, mama akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutokea wa nyuma. Wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwangu, nami nimechoka kuwa simu ya watu wawili.

"Huyo bwana yako hatupendi," mama huniambia. "Heshima naijua. Hii si heshima." Hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba ni kweli.

Ndiyo sababu nilipanga safari ya Mfangano. Nilijiambia, kisiwani atakimbilia wapi?

Tulipanda feri asubuhi pale Mbita. Mama, ambaye kwa miaka yake sitini na minane hakuwa amevuka ziwa, alikaa mbele, mkoba mapajani, akitazama maji. Kiptum alijibanza nyuma ya lori la kreti za soda mpaka tukafika. Kisiwani tukapanda mlima, ikawa vilevile: mama mbele na fimbo yake, mimi katikati, yeye huko nyuma. Kileleni mama alivua viatu akasema maji ni mengi kuliko alivyodhani. Kiptum alikula mkate wake peke yake kichakani. Nilitamani kumpiga na chupa ya chai.

Tukishuka, nikateguka kifundo cha mguu. Feri ya mwisho ilikuwa saa kumi, na saa nane ilishapita. Kiptum alikuja mbio akanibeba mgongoni. Mbele yetu kulikuwa na mwamba uliolowa, umeinama vibaya. Akanishusha hadi chini, akaniketisha, akarudi juu alikobaki mama. Fimbo ya mama ilikuwa ikiteleza.

"Fridah, mwambie aende na wewe," mama akaita. "Mimi mniache hapa."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. Mguu uliniuma na uvumilivu ulikuwa umeniisha.

Mama akafungua leso kiunoni, akamrushia Kiptum ncha moja. Kiptum akaizungusha kiganjani, akakita miguu, na mama akaanza kushuka polepole akiishikilia ncha ya pili, Kiptum akimfuata kwa juu. Katikati ya mwamba akasimama.

"Kwani mimi nilikukosea nini, unanikimbia hivi?"

"Sikimbii, mama. Mjomba Wamalwa alisema hatua kumi. Ati nikipunguza hata moja, mtamrudisha Fridah nyumbani. Huwa nahesabu."

Mama alicheka mpaka nikahofia ataachia leso. "Wamalwa alikuwa anakuchezea, bana. Hakuna mtu amewahi kupima."

Mimi sikucheka. Miaka sita mtu anahesabu hatua asije akanipoteza, na mimi nilitaka kumpiga na chupa.

Feri tuliiwahi. Kiptum akaanza kuelekea nyuma, kwa mazoea.

"Tatu zinatosha," mama akamwambia.

Akazihesabu, akakaa. Injini iliponguruma, mama akamwuliza yeye, si mimi, kama mamake kule Kitale amewahi kuliona ziwa.