Mti Usiopogolewa

Kitendawili! Nimezika kipande cha mwanangu, kikaota kivuli. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea: ni kitovu.

Kwa Ozilya, kule milimani Haiti, kila mtoto alizikiwa kitovu chake chini ya mche: mshelisheli wa Wozmit, mchungwa wa Fanès, mnazi wa Tilya. Kahawa na viazi vikuu vilijipenyeza katikati. Mtoto akiugua surua, mti wake hutoka vipele, nao hupewa dawa ileile.

Mparachichi wa karibu na jiko haukuwa wa mtu. Desiyis, mumewe, alisema ni mbegu tu iliyotupwa ikaota. Lakini kila mwaka kabla ya mvua hupogoa miti yote ili kahawa ipate jua, na huo huupita kama hauoni.

Asubuhi moja Ozilya alikuwa akifagia chini yake, akaokota jino la utoto. Akawapanga watoto, akawafungua vinywa. Wozmit, wa miaka saba, alikuwa na pengo, ila jino lake mwenyewe alikuwa amelifumbata kiganjani.

"Desiyis, chini ya mparachichi pana kitovu cha nani?"

"Cha mbegu."

Jirani yake Klotid alicheka hadi akashika kiuno. "Shoga, mti usiopogolewa una mama yake mahali! Usishangae akija kudai shamba."

Hilo ndilo lililomkosesha Ozilya raha, maana penye kitovu pana urithi, na shamba lenyewe halikuwatosha wanawe. Akaanza kuuvizia mti ule. Kila alfajiri kilele kiliinama kama kimetwikwa ndoo ya maji, kikayumba, kikainuka. Gome lilinuka sabuni ya kufulia. Siku moja likatoka malengelenge, kana kwamba limepitiwa na pasi ya moto. Ozilya hakulipaka dawa. Mwana wa hawara na apakwe na mama yake.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, akachukua panga. Mkwewe, Mama Iklid, mkunga wa bonde lote, alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Usimkate, mwanangu."

"Kitovu cha nani, Mama?"

Kilele kiliinama, kikayumba. Wanawake wale walingoja hadi kikainuka.

"Mwaka ule wa kimbunga hatukubakiwa hata na muhogo. Wewe ulijifungua ukazimia. Bibi mmoja wa mjini akaapa atamlea, atamsomesha. Kisha akahama, hatujui alikohamia." Mama Iklid akachukua ndizi nyingine. "Cha pacha wa Wozmit."