Kituo cha Nyuma ya Milima

Kosa lenyewe lilifanyika saa tano asubuhi, kwa kubonyeza kitufe kimoja, na aliyelifanya alikuwa akinywa chai.

Ofisini walimwita Mtaalamu. Kazi yake ilikuwa kurekebisha modeli ya kompyuta inayotabiri mvua za msimu: anabadilisha namba moja, tuseme kasi ya wingu kumwaga maji, kisha analinganisha mvua ya kwenye kompyuta na ile iliyopimwa vituoni. Vituo vyote vilikubaliana na modeli isipokuwa kimoja, nyuma ya milima. Hicho kilileta mvua maradufu. Na aliyesoma kipimo chake cha mvua, kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka ishirini na sita, alikuwa baba yake mzazi.

Angeuliza kwanza? Wapi. Aliona aibu, wenzake wasije wakasema mzee wake anabuni namba. Akakifuta kituo, modeli ikapendeza, akapongezwa. Jioni akapiga simu nyumbani.

"Baba, macho yamechoka hayo. Namba zako zinakwenda mrama. Pumzika sasa."

"Kama umeona hivyo, mwanangu, sawa."

Miaka mitatu modeli ilitabiri ukame nyuma ya milima, na miaka mitatu nyumba za watu zikaingia maji. Mwishowe ofisi ikaweka kule rada, mtambo wa kufuatilia mawingu. Kumbe mawingu yalikuwa yakikwama mlimani usiku na kumwaga maji hasa. Mzee hakuwahi kukosea hata milimita moja.

Mtaalamu alisafiri siku hiyohiyo, amejiinamia njia nzima, roho inamuuma. Mama yake alimpokea mlangoni, akamweleza yale waliyomficha kwenye simu. Baba hatoki tena. Gazeti hagusi, hata dawa zake anasubiri asomewe. Hospitali walimpima macho wakayakuta mazima, lakini haamini.

Alimkuta kitandani mchana kweupe, mtu ambaye hakuwa akijua kukaa bure.

"Baba, nisamehe. Namba zako zilikuwa sahihi zote. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee alimpapasa bega, akatabasamu.

"Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini usinidanganye ili kunifurahisha. Wewe ungekosea vipi?"