Dereva wa Milango Miwili

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, dereva alifungua kisanduku cha vifaa nyuma ya kiti akachagua vibao. Vilikuwa vibao vya sumaku, vya kubandika milangoni: viwili vya kijani na viwili vyekundu. Akiitwa na kampuni ya kijani, alibandika vya kijani. Akiitwa na nyekundu, alipita nyuma ya kituo cha mafuta, akabandua, akafuta vumbi kwa mkono wa shati, akabandika vyekundu. Wateja walipenda kuona rangi waliyoiagiza.

Kampuni hizo mbili zilitazamana kwenye barabara moja pana, na ziliishi kama wake wenza. Ya kijani ikiahidi kufikisha mzigo kesho, nyekundu iliahidi leo. Kijani ikasema leo adhuhuri. Nyekundu ikasema leo kabla ya chai ya saa nne. Zilinyang'anyana wenye viwanda, wenye matairi, wenye maduka ya dawa. Na katika vyote zilivyovigombania, hakuna kilichokuwa chao. Mwenye bidhaa hakuwa na ghala, mwenye ghala hakuwa na lori, na mwenye lori hakuwa na mzigo.

Mama yake dereva, aliyeishi kwa mwanawe na kupenda vitendawili kuliko sukari, alikuwa amekwisha kulitunga hilo.

"Kitendawili," alisema jioni moja, akichambua mchele.

"Tega, mama."

"Nyumba yangu imejaa hadi darini, changu hamna hata kimoja."

"Kampuni za mizigo," alijibu dereva, akacheka kile kicheko chake cha kutikisa vikombe kabatini.

Kosa lilitokea siku ya mvua. Kampuni zote mbili zilimwita kwa pamoja, kila moja ikisema ya kwake ndiyo ya haraka. Alipokuwa akibadilisha vibao simu ikalia tena, akapanda huku ameshika ufunguo kwa meno. Aliondoka mlango wa kushoto ukiwa wa kijani na wa kulia ukiwa mwekundu. Kwenye njia panda, mzigo wa kijani ulitakiwa kushoto na wa nyekundu kulia. Alikata kushoto. Alikata kulia pia. Askari wa barabarani aliyasimamisha magari mengine, akayapitisha malori mawili, moja huku na moja kule, kisha akaendelea na filimbi yake.

Jioni walirudi wawili. Mkewe alikuwa akikaanga vitunguu. Aliwatazama wote pale mlangoni, akaongeza maji kwenye sufuria.

"Nani anaoga kwanza?"

"Huyu," walisema, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Mama mkwe alisogeza miguu wapite. "Mkwe wangu, uliomba mume wa kukaa nyumbani. Umepewa wawili wasiokaa."

"Mama, mimi hata huyo mmoja alinishinda."

Mama na mke walitaka kujua nini kimekwenda kwa nani. Waliwasimamisha kwenye fremu ya mlango wakawapima kwa chaki. Urefu ulikuwa uleule. Zamani dereva alitia sukari vijiko viwili, sasa kila mmoja alitia kimoja. Kovu la kidole lilikuwa kwa wa kijani, lakini maumivu yake siku za baridi aliyasikia wa nyekundu. Wa kijani alizijua barabara zote na alijua bomba la jikoni linavuja wapi. Wa nyekundu alijua nyimbo.

Mama akawatega kitendawili. Wa nyekundu alikitegua hata hakijaisha, akacheka, na vikombe vikatikisika. Wa kijani alikuna kichwa mpaka chai ikapoa.

"Nimeshindwa, mama. Nakupa mji."

Maana ndivyo ilivyo: asiyejua jibu humpa mtegaji mji, na mtegaji huusafiri mji huo kwa maneno tu, hula na kunywa huko, ndipo hutoa jibu.

"Basi," alisema mke, "huyu ni wa kucheka na huyu ni wa bomba. Tutaishi."

Wakaishi. Kampuni hazikuuliza kitu. Kila moja ilimwona dereva wake getini asubuhi, na hayo yaliitosha.

Kisha kampuni ya kijani ilimnyakua mteja mkubwa wa nyekundu, na nyekundu ikaapa kumrudisha. Kulikuwa na majokofu ya kumpelekea mteja huyo mji wa ng'ambo ya mlima, na kila kampuni ilipakia yake. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara ya juu. Asubuhi hiyo msimamizi wa kijani alimwambia dereva wake azunguke kwa chini. Msimamizi wa nyekundu alimwambia wake apande. "Wenzetu wanazunguka," alisema. "Ndiyo nafasi yetu."

Majokofu ya nyekundu yalifika kabla ya chai ya saa nne. Mteja alifungua geti akayakuta yamepangwa mstari mmoja, makavu, bila mkwaruzo. Lori halikuwepo. Dereva hakuwepo. Mteja alihesabu majokofu, yakatimia, akatia sahihi.

Jioni alirudi wa kijani peke yake. Mke aliweka sahani mbili, akasubiri mpaka moja ikapoa.

Asubuhi mama na mke walivuka barabara kwenda ofisi ya nyekundu, na wa kijani akawasindikiza, maana alikuwa mtoto mwenye adabu. Msichana wa mapokezi aliwakaribisha viti.

"Tumekuja kuomba mtumtafute dereva wenu," alisema mama. "Jana mlimpandisha mlimani, hajarudi."

Msichana aliitazama kompyuta, akamtazama wa kijani. "Bibi, si huyu hapa?"

"Huyu ni wa kijani."

"Jina ni moja, leseni ni moja, na sura ni hiihii. Kwetu anaonekana yupo. Na mzigo wake umefika, bibi. Umefika mapema hata."

"Mwanangu, mimi sikuzaa mzigo."

"Pole, bibi. Lakini huyu dereva si wetu hasa. Sisi tunamkodi tu."

Wakavuka tena kwenda kijani. Msimamizi aliwapa maji baridi akawasikiliza mpaka mwisho. Alisema wa kwao yupo, anamshukuru Mungu. Aliyepotea ni wa wenzao, na wao wakimtafuta itaonekana wanawafanyia wapinzani kazi.

"Mlikuwa mnagombana," alisema mama. "Leo ndiyo mmepatana."

Msimamizi akacheka kwa heshima.

Wa kijani alikwenda mwenyewe mlimani. Alitazama ukingo wote, akaita jina lake mwenyewe kwenye bonde. Alirudi na matope hadi magotini, akatengeneza bomba la jikoni, ambalo halikuwa limeharibika. Wiki hiyo kampuni nyekundu ilisimamisha bango kubwa pale njia panda. Liliandikwa: TUNAFIKA.

Jioni mama alikaa na ungo wake.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Niliwatuma wawili, akarudi mmoja, na wanaohesabu wakasema wametimia."

Dereva alizungusha kikombe mikononi. Mke alizima jiko ili asikie.

"Nakupa mji," alisema dereva.

"Mji gani?"

"Ule wa ng'ambo ya mlima."

Mama aliweka ungo chini. "Nimeupokea. Nilikwenda mji ule kwa barabara ya juu, mvua ikinipiga. Nikafika, wakanipa kiti, wakanipa maziwa kutoka kwenye jokofu, ya baridi yanauma meno. Nikawauliza aliyeyaleta majokofu yuko wapi. Wakaniambia, bibi, yamefika mapema."

Akauokota ungo.

"Na jibu, mama?" aliuliza mke.

"Jibu ndilo hilo linalokunywa chai hapo, kijiko kimoja cha sukari."

Dereva alijaribu kucheka, kwa ajili yao. Vikombe kabatini havikutikisika.

Asubuhi simu ililia wakati anafunga viatu. Mke alitoka naye nje. Siku hizi alilizunguka lori mwenyewe kabla halijaondoka, akaubonyeza kila mlango kwa kiganja kuhakikisha rangi ni moja.

Ilikuwa moja. Vibao vyote viwili vilikuwa vyekundu, na aliyeshika usukani alikuwa wa kijani.