Harusi ya Baada ya Barua

Barua ilimfikia mchungaji Sebineza siku ya Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Balaa lilianzia hapo, na aliyelianzisha si shetani, ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Serikali ilisema kanisa lisilojiunga na umoja wa makanisa si kanisa tena, na mchungaji wake hana ruhusa ya kufungisha ndoa. Kanisa la Sebineza pale Lubondja lilikuwa bado halijajiunga. Aliisoma barua mara mbili, akachungulia nje. Mihogo ilikuwa imeshalowekwa, kwaya ilikuwa imeshona sare, na Marthe alikuwa amekaa mkekani akisukwa nywele za harusi. Mzee wa watu akaichomeka barua ndani ya Biblia, kwenye Mambo ya Walawi, ambako hata wazee wa kanisa hawafiki.

"Moja tu," alijiambia. "Kisha naacha."

Akawafungisha. Norbert (jina hilo nalo serikali ilikuwa imelikataza, kama majina yote ya Kizungu, lakini mama yake hakuwa na jingine la kumwitia) alitetemeka hadi pete ikamponyoka. Watu wakaangua kicheko. Marthe akainama, akaiokota, akajivika mwenyewe.

Hawakumaliza mwaka. Marthe alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata siku hiyo hiyo. Sebineza ndiye aliyewazika. Juu ya msalaba wa mti Norbert alichonga kwa kisu: *Marthe, bibi ya Norbert*. Hakubakiwa na kitu kingine duniani ila maneno hayo, kwamba alikuwa mke wake.

Baadaye kanisa likapokelewa kwenye umoja, na kutoka mji wa Baraka akaletwa mchungaji mwenye kibali, kijana aliyeitwa Nicolas. Alifika Jumamosi jioni, amechoka, ana adabu zake. Akaomba kitabu cha ndoa. Sebineza akampa, na kwa kuwa dhambi ilikuwa imemlemea, akampa na ile barua. Nicolas akalinganisha tarehe.

"Ni ndoa moja tu haihesabiki, Baba. Usisumbuke moyo. Kesho nitabafungisha upya."

Sebineza alitaka kumwambia habari za Marthe. Lakini aliona haya, akaenda kulala, na haya hiyo ndiyo iliyomponza mara ya pili.

Asubuhi, baada ya nyimbo, Nicolas akafungua kitabu mbele ya watu wote. "Norbert na Marthe, ndoa yenu ilifungwa bila ruhusa ya serikali, haihesabiki. Mukuje hapa mbele, niwafungishe upya."

Norbert akainuka peke yake kwenye benchi la wanaume, akaja mbele polepole, akasimama upande wa kulia, pale pale aliposimama siku ile. Upande wa kushoto akauacha wazi.

"Na bibi iko wapi?" Nicolas aliuliza kwa upole, maana hakujua.

Norbert akamgeukia Sebineza, aliyekuwa amejikunyata benchi la nyuma.

"Baba Muchungaji, siku ile ulijua?"

"Nilijua, mutoto wangu."

"Sasa uniambie. Marthe alikuwa nani yangu?"

Sebineza akasimama. Machozi yalimtiririka hadharani, naye hakuyafuta.

"Alikuwa bibi yako," alisema.

Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Kanisa zima, na Norbert pamoja nao, walikuwa wamemgeukia yule kijana mwenye kibali, wakingoja kusikia kama ni kweli.